Mwewe Hana Karatasi: uzi kuhusu neno "kunyakua"

1/
Wiki jana usiku nilikuwa kwenye mjadala wa sauti hapa mtandaoni. Mada ilikuwa pesa za kaunti. Mnajua vile huwa: baada ya dakika ishirini tulikuwa tumeshafika 1895. Jamaa mmoja akasema, "Pwani ilinyakuliwa na Kenya." Mwingine akamrukia, "Wewe ni msaliti." Wa tatu akauliza, "Na Migingo je? Hiyo haijanyakuliwa?" Wa nne akaleta Crimea. Kelele ikawa kelele. Mwendeshaji akaniita kwa jina: "Wewe si unasomea sayansi ya siasa? Hebu tuambie, kunyakua eneo ni nini hasa?"

2/
Nilitoa jibu la chumba cha mtihani. Refu, lina vifungu, halikumsaidia mtu. Mjadala ukaendelea kama vile sikuwa nimeongea. Nikalala nimejikasirikia, kwa sababu swali lilikuwa zuri na kwetu nyumbani si swali la mchezo (nitaeleza huko chini). Uzi huu ndio jibu nililotakiwa kulitoa. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukiwataja kwenye majibu, huo ni mzigo wako.

3/
Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, anayenyakua ni mwewe. Kifaranga kiko uani, kivuli kinapita, kifaranga hakipo. Ni haraka, ni kwa nguvu, na hakuna kuulizana. Ndiyo maana neno hili liliwaingia Wakenya sawasawa tulipoanza kuongea juu ya "wanyakuzi wa ardhi": uwanja wa shule, kipande cha msitu, choo cha soko. Unaamka asubuhi kuna ukuta wa mabati. Ripoti ya 2004 ya tume iliyochunguza ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria ilijaa visa vya aina hiyo.

4/
Lakini dola likichukua nchi ya wengine, kuna kitu kimoja ambacho mwewe hana: karatasi. Katika sheria ya kimataifa, unyakuzi wa eneo ni pale dola linapotangaza kwamba ardhi iliyokuwa ya wengine sasa ni sehemu yake ya kudumu. Uzito wote uko kwenye kule kutangaza. Jeshi linaweza kuingia nchi ya watu, huo ni uvamizi. Linaweza kukaa humo miaka ishirini, huko ni kukalia kwa mabavu. Mkaliaji, walau kwa mdomo, hukubali kwamba nyumba si yake. Mnyakuzi husema: nyumba ni yangu, na nyinyi mlio ndani mtafuata sheria zangu.

5/
Mfano ulio wazi kabisa ni Kuwait, 1990. Tarehe 2 Agosti jeshi la Iraq liliingia. Uvamizi. Likakaa. Ukaliaji. Tarehe 8 Agosti serikali ya Iraq ikatangaza kwamba Kuwait imeunganishwa na Iraq. Hapo ndipo unyakuzi ulipotokea. Kesho yake, tarehe 9, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio nambari 662 likisema tangazo hilo halina nguvu yoyote ya kisheria. Ndani ya wiki moja tukapata maneno matatu, na kila moja lina maana yake.

6/
Na usidhani lazima mizinga itangulie. Jirani zetu wa Eritrea waliunganishwa na Ethiopia kwa shirikisho mwaka 1952, chini ya azimio la Umoja wa Mataifa lililowaachia bunge lao na serikali yao ya ndani. Kidogo kidogo haki hizo zikamenywa kama kitunguu. Novemba 1962 shirikisho likavunjwa na Eritrea ikafanywa mkoa. Yaani unyakuzi ulikuja umevaa suti, kwa taratibu za bunge. Vita vilivyokuwa vimeanza mwaka mmoja kabla vikaendelea hadi 1991, na uhuru ukapatikana 1993. Karatasi moja, miaka thelathini ya makaburi.

7/
Sasa turudi nyumbani. Kenya yenyewe iliwahi kunyakuliwa, kwa maana hii ya kisheria? Wengi watasema ndiyo, 1895, Mzungu alipokuja. Jibu ni ndiyo, lakini mwaka si huo. Ni 1920. Hiyo tofauti ya miaka 25 inaonekana kama ushamba wa wasomi. Ngojeni muone iliwafanyia nini watu wenye majina na mashamba.

8/
Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza hapa kuwa himaya, yaani nchi "inayolindwa." Himaya si koloni. Kwa karatasi, nchi ile haikuwa mali ya mfalme wa Uingereza, na watu wake hawakuwa raia wake. Walikuwa wageni walio chini ya ulinzi wake. Ulinzi dhidi ya nani, sijui, maana aliyekuwa anawapiga ni huyo huyo mlinzi. Lakini kisheria hiyo ndiyo hali iliyokuwepo, na kila aliyedai haki yake mahakamani alikutana nayo.

9/
Wa kwanza kukutana nayo walikuwa Wamaasai. Mwaka 1904 walitia mkataba na serikali ya himaya: waondoke Bonde la Ufa, wapewe maeneo mawili, moja kaskazini huko Laikipia na lingine kusini. Mkataba ukasema mpango huo utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Wamaasai wapo mpaka leo. Mkataba ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaletwa mwingine wa kuwahamisha watu wa Laikipia waende kusini, kwa kuwa walowezi walikuwa wameitamani nyasi ya kaskazini.

10/
Wakaenda mahakamani. Hili huwa halisemwi vya kutosha: kabla hata ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wamaasai waliajiri mawakili na kuishtaki serikali. Kesi inajulikana kwa jina la Ole Njogo, mmoja wa walalamishi. Hoja yao ilikuwa kwamba mkataba wa 1904 umevunjwa, na waliotia sahihi ule wa 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwasemea wote. Hukumu ikaja 1913. Mahakama haikusema Wamaasai ni waongo. Ilisema nyinyi si raia wa mfalme, hii ni himaya, kwa hiyo makubaliano yenu na serikali ni mkataba kati ya mataifa mawili. Na mikataba ya mataifa haiamuliwi na mahakama hii. Kwaherini.

11/
Soma tena polepole. Wamaasai walikuwa dola la kutosha kutia mkataba, lakini hawakuwa dola la kutosha kuudai. Walipewa heshima ya taifa huru dakika ile ile ambayo heshima hiyo ingewafungia mlango. Wakahamishwa, na mifugo mingi ikaishia njiani.

12/
Sasa 1920. Juni mwaka huo mfalme wa Uingereza, katika baraza lake, alitoa amri iliyoanza kutumika Julai. Amri ile ilikuwa na neno la unyakuzi kwenye jina lake, wazi kabisa, bila haya. Himaya ikageuzwa kuwa koloni na ikapewa jina la mlima: Kenya. Hakuna risasi iliyopigwa siku hiyo. Sababu mojawapo ilikuwa ya kibenki: koloni lingeweza kukopa kwenye soko la London kwa masharti mepesi kuliko himaya. Wakati huo huo walowezi walikuwa wanaongezeka, wakiwemo wanajeshi wa Kizungu waliogawiwa mashamba baada ya vita, na walitaka ardhi isiyokuwa na maswali.

13/
Miaka michache tu baada ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikaja kesi nyingine. Hii haikuwa hata dhidi ya Mzungu. Wakikuyu walikuwa wanagombania shamba, Isaka Wainaina na mwenzake upande mmoja, Murito na mwanawe upande wa pili, kila upande ukidai haki kwa desturi ya githaka. Mwanasheria mkuu wa serikali akaingizwa kwenye kesi. Jaji Mkuu, Barth, akaamua jambo ambalo hakuna mgomvi aliyeliomba: kwamba kwa sheria ya ardhi ya 1915 na amri ya unyakuzi ya 1920, ardhi ile ni ya mfalme. Haki zote za wenyeji, za desturi yoyote ile, zimetoweka. Waliobaki juu yake ni wapangaji ambao mwenye nyumba anaweza kuwafukuza wakati wowote apendapo.

14/
Watu wawili waliingia mahakamani wakigombania shamba la baba zao, wakatoka wote wawili wakiwa wapangaji. Amri ya 1920 haikuhitaji kwenda kwenye boma la mtu na bunduki. Ilikaa tu kwenye jalada ikisubiri mtu aulize.

15/
Weka hizo hukumu mbili kando kwa kando. Mwaka 1913: huwezi kudai ardhi, kwa sababu nchi HAIJANYAKULIWA, wewe ni mgeni. Baada ya 1920: huwezi kudai ardhi, kwa sababu nchi IMENYAKULIWA, wewe ni mpangaji. Kwa matokeo unaweza kusema ni yale yale, ardhi ilienda. Lakini mlango uliofungwa si mmoja, na kufuli si moja. Mwanafunzi wa historia akikwambia "wakoloni walinyakua ardhi" amesema ukweli, ila bado hajakwambia walitumia kufuli gani.

16/
Sasa Pwani, maana najua wengi mmevumilia mpaka hapa kwa sababu ya Pwani. Ile amri ya 1920 iliruka kipande kimoja: ukanda wa maili 10 kutoka baharini, Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu. Kwa nini? Kwa sababu mwenyewe kwenye karatasi alikuwa Sultani wa Zanzibar. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1886 ulimtambulia sultani maili hizo 10, na Desemba 1895 Uingereza ikakubaliana naye kuutawala ukanda kwa niaba yake, kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Bendera nyekundu ya sultani ikaendelea kupepea Fort Jesus. Ndiyo maana jina rasmi la nchi likawa refu: Koloni na Himaya ya Kenya. Bara koloni, ukanda himaya.

17/
Kwa hiyo, Pwani ilinyakuliwa na Kenya? Kwa maana ya kisheria niliyoieleza, hapana. Miaka ya mwisho ya ukoloni kulikuwa na vuguvugu la Mwambao lililotaka ukanda ujitawale, na 1961 Uingereza ikamtuma kamishna, James Robertson, kuchunguza. Akapendekeza ukanda uungane na Kenya. Oktoba 1963, wiki chache kabla ya uhuru, ikatiwa sahihi London: sultani akaacha madai yake, Kenya ikaahidi kulinda uhuru wa dini, mahakama za kadhi na hatimiliki za ardhi zilizokuwepo. Ukisikia mtu anauliza mahakama za kadhi zilitoka wapi mpaka zikaingia kwenye katiba, Kifungu cha 170, sehemu ya jibu iko hapo. Hayo yalikuwa makabidhiano. Hayakuwa unyakuzi.

18/
Lakini usiondoke na ushindi mapema, wewe uliyemwita mwenzako msaliti. Makabidhiano ni kati ya nani na nani? Sultani, Uingereza, serikali ya Nairobi iliyokuwa mlangoni. Robertson alisikiliza watu, ni kweli, lakini kura ya wenyeji haikupigwa. Mgiriama, Mdigo, Mbajuni hakuulizwa kwa karatasi ya kura kama anataka kwenda na huyu au na yule. Kitu kinaweza kutokuwa unyakuzi na bado kikamwachia mtu kidonda. Anayesema "Pwani ilinyakuliwa" amekosea jina la ugonjwa. Maumivu hajayabuni.

19/
Sasa niwaambie kwa nini nililala vibaya usiku ule. Nyanya yangu, mama yake mama, yuko Kilifi. Anaishi kwenye shamba alilozaliwa. Minazi iliyopo aliipanda babake, na makaburi ya watoto wake wawili yako chini ya mwembe. Karatasini yeye ni skwota. Mwenye shamba kwenye hati hatujawahi kumwona, hata nyanya hajawahi. Kila baada ya miaka kadhaa huja watu wenye viatu vizuri, wanapima, wanapiga picha, wanaondoka. Nikiwa darasa la sita nilimuuliza, "Nyanya, nani alichukua?" Akanijibu, "Mwanangu, sikuona mtu akichukua. Niliambiwa tu."

20/
Hilo "niliambiwa tu" lina tarehe. Mwaka 1908 serikali ya himaya ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa Pwani. Kila mwenye kudai shamba ajitokeze, alete ushahidi, apewe cheti. Asiyedai, ardhi yake ihesabiwe kuwa ya serikali. Walioijua sheria, walioweza kusoma, waliokuwa na karatasi za mauziano au mtu wa kuwaandikia, wakajiandikisha. Wamijikenda wengi, ambao ushahidi wao ulikuwa kaya, minazi na makaburi, walirukwa. Na kumbuka ahadi ya 1963: hatimiliki zilizokuwepo zitaheshimiwa. Zikaheshimiwa. Ahadi iliyomlinda mwenye cheti ndiyo iliyomfungia nje asiye nacho.

21/
Kwa hiyo hesabu kufuli ni tatu. Mmaasai wa Laikipia aliambiwa: wewe ni mgeni. Mkikuyu wa githaka aliambiwa: wewe ni mpangaji. Babu yangu aliambiwa: hukujiandikisha. Ni moja tu kati ya hizo, ya katikati, iliyotokana na unyakuzi wa eneo. Tukiziita zote "kunyakua" tunapata hasira moja kubwa na ufunguo ambao hauingii popote.

22/
Nasema ufunguo kwa sababu jina unaloita jambo ndilo linaloamua mlango utakaobisha. Nyanya akisema "Pwani ilinyakuliwa," mjadala unahama kutoka shambani kwake unaenda kwenye mipaka ya nchi. Na serikali ikisikia mipaka ya nchi, inaleta lori la polisi. Tumeliona hilo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ilisema kulipiga marufuku kundi lililodai Pwani ijitenge kulikiuka katiba, lakini kabla na baada ya hukumu hiyo watu walikamatwa na wengine wakafa. Swali la shamba la nyanya halikusonga hata hatua moja.

23/
Akisema badala yake, "Sheria ya 1908 ilimruka baba yangu na mimi nipo hapa tangu nizaliwe," hapo anazungumzia dhuluma ya kihistoria ya ardhi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 67, imeipa tume ya ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma hizo na kupendekeza namna ya kuzirekebisha. Sisemi ofisi hizo zinafanya kazi haraka. Nyanya ana miaka themanini na kitu, haraka anaihitaji kuliko mimi. Nasema walau huo ni mlango wenye tundu linalofanana na ufunguo wake.

24/
Haya, na mipaka yetu na majirani? Mnapenda kusema "Kenya ilinyakua Naivasha kutoka Uganda." Mwaka 1902 Uingereza ilihamisha mkoa wa mashariki wa Uganda, uliofika mpaka Naivasha, ukawa chini ya himaya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1926 ikaongeza eneo la magharibi mwa Ziwa Turkana. Aliyetoa ni Mwingereza, aliyepokea ni Mwingereza. Ni kama mtu kuhamisha pesa kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Wenyeji hawakuulizwa, ndiyo, lakini Kenya kama dola haikuwepo ya kumnyakulia mtu chochote. Upande wa pili, 1925 Uingereza iliwakabidhi Waitalia Jubaland, na hapo sisi ndio "tuliopungua." Nako ni kukabidhi.

25/
Migingo? Kisiwa cha mawe, mabati na samaki. Polisi wa Uganda walikaa pale, wakawatoza wavuvi ada, na mwaka 2009 mambo yakapamba moto mpaka vijana wa Nairobi wakang'oa reli ya kwenda Uganda. Hata wakati huo, kauli iliyotoka kwa uongozi wa juu wa Uganda ilikuwa kwamba kisiwa kiko Kenya ila maji ya kuvulia ni ya Uganda. Huo ni mgogoro wa mpaka, na ukitaka neno kali sema ukaliaji. Kuuita unyakuzi ni kuipa Uganda dai kubwa kuliko lile ililotoa yenyewe. Tunajichoma wenyewe.

26/
Na kaunti? Kila uchaguzi ukikaribia, mji fulani wa mpakani "unanyakuliwa" na kaunti jirani. Wadau, kaunti si dola. Mipaka yao hubadilishwa kwa Kifungu cha 188: tume huru ipendekeze, kisha Bunge la Kitaifa na Seneti zipitishe kwa angalau theluthi mbili. Kaunti ikipeleka watoza ushuru kwenye soko la kaunti nyingine, hiyo ni kuvuka mamlaka, peleka kesi. Lakini mwanasiasa akisimama juu ya gari akasema "wanatunyakulia nchi," ujue anatafuta vijana wa kubeba mawe.

27/
Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu rafiki yangu wa chumba ameshanipa: "Unajificha nyuma ya maneno. Himaya, makabidhiano, ukaliaji, yote ni wizi." Hoja yake nzito, siitupi. Maneno ya kisheria yametumika kuficha wizi tangu zamani, na "himaya" ni ushahidi. Pia sheria ya 1920 si ya leo. Wakati ule mwenye nguvu aliweza kunyakua na sheria ya mataifa ikamwitikia. Ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 uliokataza kutumia nguvu dhidi ya mipaka ya dola jingine. Kwa hiyo nikisema jambo fulani "halikuwa unyakuzi kisheria" sijasema lilikuwa haki.

28/
Ila mwizi anayejua sheria hapigwi na kelele. Barth hakumshinda Wainaina kwa kelele. Alimshinda kwa kujua amri ya 1920 inasema nini wakati Wainaina hajui kama ipo. Sisi tunaorithi matokeo ya karatasi hizo tutazishinda vipi bila kuzisoma?

29/
Hii pia inaeleza kwa nini Kenya huwa kali kuhusu unyakuzi ng'ambo. Mwaka 1964 mjini Cairo viongozi wa Afrika waliafikiana kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, ingawa ni mibovu. Somalia na Morocco walikataa. Sisi wakati huo tulikuwa kwenye vita vya kaskazini mashariki, na watu wa huko wanakumbuka vita hivyo kwa maumivu ambayo uzi mmoja hautoshi kuyaeleza. Februari 2022, usiku ambao Ukraine ilikuwa inasubiri kuvamiwa, balozi wetu kwenye Baraza la Usalama alirudi kwenye hoja hiyo hiyo: mipaka yetu hatukuichora sisi, lakini tuliamua kutomwaga damu kuichora upya. Oktoba mwaka huo, baada ya Urusi kutangaza mikoa minne ya Ukraine kuwa yake, nchi 143 zilipiga kura kukataa, 5 zikapinga, 35 zikajizuia.

30/
Basi mjadala mwingine ukianza na mtu akarusha hilo neno, muulize maswali manne kabla ya kumtukana.
Nani alichukua: dola, serikali ya ndani, kampuni, au mtu binafsi?
Alitangaza ni yake milele, au amekaa tu?
Karatasi gani ilitumika, na ya mwaka gani?
Nani aliyekuwa akiishi pale, na aliulizwa?
Matatu ya kwanza yatakupa jina sahihi. La nne ndilo litakalokuonyesha kidonda kiko wapi, na kwenye historia yetu jibu lake ni lile lile karibu kila mara.

31/
Jumamosi nilimpigia nyanya simu nikamweleza habari za 1908. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Hiyo karatasi wewe umeiona kwa macho yako?" Nikamwambia ndiyo, nimesoma sheria yenyewe maktabani. Akasema, "Basi likizo ukija, ije nayo. Wale wa viatu vizuri wakirudi, nataka nami niwe na kitu cha kuwaonyesha."

32/
Nimeshatoa nakala. Ni kurasa chache tu. Usambaze uzi huu ukiona una maana, na kama nimekosea tarehe mahali, nisahihishe kwa upole, na uje na karatasi.